Uzi: Kutoka Nyanda za Juu Kusini hadi Ufini na Uswidi. Njia halali, pesa, tarehe na mahali wengi wanapokwama

Kijana_SaoHill
Kamwene wakuu. Nipo Mafinga, nimemaliza kidato cha sita CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), daraja la pili. Ndoto yangu ni kusomea misitu Ufini au Uswidi, na ikiwezekana nibaki kufanya kazi huko. Nyumbani ni wakulima wa miti na mahindi, mtaji mkubwa hakuna. Hapa mjini kuna wakala anataka milioni nne za "kufungua faili". Wanaojua naomba mnisaidie: nianzie wapi, pesa inayotakiwa ni kiasi gani, na huyu wakala vipi?

Mzee wa Uyole
Kamwene mdogo wangu. Tuanze na wakala, maana hapo ndipo pesa inaweza kuondoka wiki hii hii.

Maombi ya vyuo vya Ufini yanapita kwenye tovuti ya serikali yao iitwayo Opintopolku, upande wa Kiingereza utaiona kama Studyinfo. Ya Uswidi yanapita universityadmissions.se. Kote unafungua akaunti mwenyewe kwa barua pepe yako, unaskani vyeti halisi kwa rangi, unapakia, unalipa kwa kadi ya benki. Uswidi wanatoza krona 900 kwa awamu nzima, si kwa kila chuo. Ufini zamani walikuwa hawatozi kitu. Kwa masomo yanayoanza Agosti 2026 na kuendelea, mwombaji kutoka nje ya Ulaya analipa euro 100. Jumlisha zote mbili, hata milioni moja haifiki. Hiyo milioni nne inalipia nini?

Kibaya kuliko pesa ni kwamba wengi wa mawakala hawa wanajaza fomu kwa barua pepe yao na namba yao ya simu. Chuo kikikukubali, nafasi inatakiwa kuthibitishwa kabla ya tarehe fulani. Ujumbe unaingia kwake, wewe hujui, naye anakaa nao mpaka umalizie "salio". Kuna waliopoteza nafasi namna hiyo huku wamefaulu. Barua pepe iwe yako, nywila usimpe mtu.

Na kama anakuahidi kazi badala ya chuo, muulize leseni ya uwakala wa ajira, kisha uliza TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama wanamtambua. Kibali cha kazi cha Uswidi huanzishwa na mwajiri mwenyewe anayejaza ofa kwenye mfumo wa idara yao ya uhamiaji. Cha Ufini unaanzisha wewe kwenye Enter Finland, tovuti yao ya maombi ya vibali, mwajiri anajaza sehemu yake. Kama mwajiri hana jina la kampuni linaloweza kutafutwa, na barua ya ofa imetoka Gmail, hapo hakuna mwajiri.

Soweto_Mbeya
Krona 900 na euro 100 ni za mlangoni tu, wakuu. Tumwambie kijana hesabu kamili.

Ufini, ili upewe kibali cha ukaazi cha mwanafunzi, unaonyesha pesa ya kujikimu euro 800 kwa mwezi. Ilikuwa 560, ikapandishwa tarehe 1 Novemba 2024, kwa hiyo ukikuta makala inayosema 560 ujue ni ya zamani. Mwaka mmoja ni euro 9,600. Juu yake weka ada, ambayo mara nyingi iko kati ya euro 8,000 na 18,000 kwa mwaka kutegemea chuo na fani. Sheria mpya inavitaka vyuo viwatoze wanaotoka nje ya Ulaya ada inayofidia gharama halisi kwa wanaoanza kuanzia Agosti 2026, kwa hiyo usitegemee itashuka. Ongeza bima ya afya, gharama ya kibali chenyewe ambayo ni mamia ya euro, na nauli ya ndege. Mwaka wa kwanza hautoki chini ya milioni hamsini na kitu.

Uswidi wanatoza ada tangu 2011, Denmark tangu 2006. Norwe ndiyo ilikuwa kimbilio la bure, nayo ilianza kutoza mwaka 2023. Video zinazosema "soma Norwe bure" bado zinazunguka WhatsApp. Angalia zilirekodiwa lini.

Hapa sasa ndipo maombi mengi yanapokufa: pesa lazima iwe kwenye akaunti YAKO. Si ya baba, si ya mjomba aliyeko Dar. Barua ya mzazi kwamba atakulipia, hata ikigongwa mihuri mitano, Ufini hawaihesabu. Uswidi nao wanataka iwe kwa jina lako na uweze kuitoa muda wowote, kwa hiyo amana ya muda maalumu iliyofungwa inaleta shida. Ahadi kwamba ukifika utafanya kazi ujilipie nayo haihesabiwi.

Kosa lingine ni kuazima. Mtu anachangiwa na ukoo, milioni thelathini inaingia kwenye akaunti ambayo miezi yote ilikuwa na elfu kumi na tano, anachapa taarifa ya benki, pesa inarudi kwa wenyewe. Afisa anaona mzunguko wote, si salio la mwisho tu. Akiuliza imetoka wapi na huna karatasi, umenyimwa. Kama familia imeuza shamba la miti, weka mkataba wa mauzo, risiti za ushuru wa halmashauri, na karatasi ya benki inayoonyesha malipo ya mnunuzi yanaingia. Mauzo ya miti huku kwetu wengi wanamalizana kwa fedha taslimu chini ya mti. Kwa jambo hili hiyo haisaidii. Mnunuzi alipe benki.

Tena acha nafasi juu ya kiwango. Akaunti yako ni ya shilingi, kiwango ni euro au krona. Ukiweka sawasawa na kiwango, shilingi ikiteleza kidogo siku ya kuamua, umepungukiwa.

Kijana_SaoHill
Duh. Kwa hiyo bila milioni hamsini nikae tu nilime?

Mnyalu_Kihesa
Usikate tamaa haraka hivyo mnyalukolo. Soweto kakupa bei ya mlango mmoja, na huo ndio wa ghali kuliko yote: shahada ya kwanza kwa pesa ya mfukoni. Ukipanda ngazi ya elimu, bei inashuka. Kwenye shahada ya kwanza ufadhili ni mchache, tena mara nyingi ni punguzo la ada tu, kula na kulala ni juu yako. Kwenye masta ufadhili kamili upo. Kwenye shahada ya uzamivu kwa Uswidi, Norwe na Denmark hali ni nyingine kabisa: nafasi ya uzamivu ni ajira, inatangazwa kama kazi kwenye tovuti ya chuo, ina mshahara, na ada hakuna.

Kwa hiyo mimi kwa mtu wa CBG ambaye kwao ni Mafinga ningesema: nenda SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro kasome misitu, omba mkopo wa HESLB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi. Kama alama hazitoshi, kuna stashahada Chuo cha Misitu Olmotonyi, kisha unapanda. Ukimaliza rudi huku kwenye miti, fanya kazi, ndipo uombe. Inachelewesha, lakini unafika kwa tiketi ya mfadhili.

Hizi ndizo njia za masta zenye pesa kamili:

Ya kwanza ni ufadhili wa Swedish Institute (SI), taasisi ya serikali ya Uswidi. Tanzania imekuwa kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa, ila orodha hutolewa upya kila mwaka, isome ya mwaka wako. Masharti yake makubwa ni uzoefu wa kazi usiopungua saa 3,000 na ushahidi wa uongozi. Saa 3,000 ukifanya 45 kwa wiki ni kama wiki 67, mwaka mmoja na miezi mitatu hivi. Ukifanya 40 ni wiki 75. Kwa hiyo aliyemaliza chuo Julai akaomba Februari inayofuata hawezi kufikisha kwa ajira ya baada ya chuo peke yake. Anatakiwa awe na kazi nyingine za nyuma zenye ushahidi, hata za kujitolea. Watu wanaangushwa na vitu vidogo hapa: wanatumia CV yao nzuri badala ya fomu ya SI, wanaleta fomu ya mwaka jana, barua ya mwajiri haina muhuri, au haitaji saa wala tarehe za kuanza na kumaliza. Maombi ya SI hufunguliwa Februari, lakini hayana maana kama hukuomba masta yenyewe universityadmissions.se kufikia katikati ya Januari na kulipa zile krona 900. Wengi wanasubiri SI ifunguliwe ndipo waanze, wanakuta mlango wa chuo umeshafungwa mwezi uliopita.

Ya pili ni Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya. Unasoma nchi mbili au zaidi, ada inalipwa, na unapewa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Kuomba ni bure. Tarehe za mwisho nyingi ziko kati ya Oktoba na Januari. Tafuta kwenye orodha rasmi ya Umoja wa Ulaya zile zenye chuo cha Nordiki (nchi za kaskazini ya Ulaya kama Ufini, Uswidi na Norwe) ndani yake.

Ya tatu ni Finland Scholarship. Imekuwa ikilipa ada ya mwaka wa kwanza wa masta na euro 5,000 za kuhamia. Haiombwi peke yake, unaomba pamoja na chuo. Mwaka wa pili unategemea utaratibu wa chuo husika, soma vizuri kabla ya kushangilia.

Kamwene_Njombe
Mnyalu umesema vizuri lakini sikubaliani kwamba kila kijana wa kidato cha sita asubiri miaka mitano. Wapo wenye wazazi wenye parachichi au miti ya kuvuna, pesa hiyo inapatikana. Hao vyuo vya sayansi tumizi vya Ufini vinawafaa. Vingi vina punguzo kwa anayelipa ada mapema, na ufadhili wa sehemu ya ada kwa anayefaulu vizuri mwaka wa kwanza. Kidato cha nne peke yake hakitoshi kwa shahada. Cheti cha kidato cha sita ndicho kinachotazamwa.

Namna inavyokwenda: maombi ya pamoja hufunguliwa Januari, dirisha ni kama wiki mbili tu. Unachagua programu hadi sita na kuzipanga kwa mpangilio. Huo mpangilio una nguvu: unapewa nafasi moja, ile ya juu kabisa uliyofaulu, za chini yake zinafutwa. Usiweke juu chuo ambacho ada yake huiwezi eti kwa sababu picha zake ni nzuri. Uswidi ni vile vile, ila namba zinatofautiana: masta unaweka programu hadi nne, shahada ya kwanza hadi nane.

Kisha mtihani wa kujiunga, unafanyika mtandaoni. Kompyuta yenye kamera na kipaza sauti, si simu. Internet cafe haifai kwa sababu unatakiwa kuwa peke yako chumbani. Umeme wa kukatika ndio adui. Betri ya kompyuta ipimwe kabla, ikae angalau saa tatu bila waya. Uwe na simu mbili zenye bando za mitandao tofauti, moja ikizubaa unahamia nyingine. Na saa: kipindi cha baridi Ufini iko nyuma yetu kwa saa moja, kiangazi tuko sawa. Wakati wa baridi wakiandika saa tatu asubuhi ya Helsinki, wewe wa Njombe ni saa nne. Watu wamekosa mtihani kwa kusoma 9:00 wakadhani ni saa tisa mchana.

Soweto_Mbeya
Nakubali ila mwambie pia kwamba punguzo la ada haligusi zile euro 9,600 za kujikimu. Hizo lazima zionekane.

Kamwene_Njombe
Kweli kabisa. Na jambo jingine la kalenda: majibu ya Ufini hutoka mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, masomo yanaanza Agosti au Septemba. Hapo katikati ulipe ada, ukate bima, ujaze kibali, ukahojiwe na kuchukuliwa alama za vidole ubalozini. Asiye na pasipoti mkononi mwezi Mei ameshachelewa. Uswidi wana nafuu, majibu ya awamu ya kwanza hutoka mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Kabla ya kukata tiketi ya basi hakikisha kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi husika ni ofisi gani inapokea Watanzania kwa aina yako ya kibali. Usidhani kila ubalozi wa Dar unafanya kila kitu.

Mzee wa Uyole
Bima isisahaulike. Kwa Ufini, masomo ya miaka miwili na zaidi bima ya matibabu iwe ya kiwango cha angalau euro 40,000. Yakiwa chini ya miaka miwili, 120,000. Watu wa masta za mwaka mmoja na nusu au wa kubadilishana wanafunzi wananunua ile ndogo, wanarudishwa.

Na ada ikitumwa benki, mwambie karani gharama zote zikatwe upande wa mtumaji. Usiposema, benki za katikati zinakata zao njiani, chuo kinapokea euro 7,970 badala ya 8,000, na mfumo wao unasoma kwamba hujalipa. Andika namba ya malipo waliyokupa kama ilivyo, usiongeze jina wala salamu.

Muuguzi_Tukuyu
Ugonile wote. Kwa kuwa uzi utasomwa na wengi, niweke upande wa uuguzi, maana huku Rungwe na Kyela ndiyo ndoto ya mabinti wengi, na ndiyo inayouzwa na matapeli kuliko zote.

Ni kweli Ufini na wenzake wamekuwa na upungufu wa wauguzi. Si kweli kwamba leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga la kwetu inakupeleka wodini moja kwa moja. Kila nchi ina mamlaka yake na kila moja inadai LUGHA YAO, Kiingereza hakihusiki. Ufini ilikuwa Valvira hadi mwisho wa 2025, sasa kazi yake iko chini ya mamlaka mpya iitwayo Lupa- ja valvontavirasto; wanataka Kifini au Kiswidi kiwango cha kati, ngazi ya 3 ya mtihani wao wa lugha wa YKI, sawa na B1 (ngazi za lugha za Ulaya zinaanzia A1 ya chini hadi C2 ya juu). Norwe wanataka B2. Uswidi ni Socialstyrelsen, wanataka C1, ambayo ni juu sana. Uswidi kwa muuguzi wa nje ya Ulaya kuna kutathminiwa elimu, mtihani wa maarifa wa nadharia na wa vitendo, somo la sheria zao za afya, na mazoezi ya miezi mitatu wodini. Ni safari ya miaka.

Kwa hiyo wengi wanaoenda Ufini wanaanza chini: msaidizi wa kutunza wazee, kisha wanasomea ulezi wa ngazi ya kati, wanauita lähihoitaja, huku wakifanya kazi. Si kazi ya aibu, ila muuguzi mwenye shahada ajue kabla ya kupanda ndege kwamba ataanza kwa kuogesha wazee na kubadilisha mashuka, mshahara wa ngazi hiyo.

Wakala wa kweli wa wauguzi atakufundisha lugha kabla ya kuondoka, miezi kadhaa, na mwajiri ndiye anayemlipa. Anayekuambia "lugha utajifunza huko huko" akiwa anadai pesa, mdada, funga mkoba wako.

Kijana_SaoHill
Asanteni sana dada na wakuu. Naona njia ya Mnyalu ndiyo yangu. Sasa swali: nikifika hatua ya kuomba masta, barua ya maelezo nijieleze vipi? Na lugha nianze sasa?

Mnyalu_Kihesa
Lugha anza sasa, ni bure. Kifini na Kiswidi vyote viko Duolingo, programu ya simu ya kujifunza lugha, na redio ya taifa ya Uswidi na YLE ya Ufini wana taarifa za habari kwa lugha nyepesi. Kifini ni kigumu kwa Mzungu. Kwa sisi wa lugha za viambishi si kigeni sana. Wao wanabandika mwisho wa neno, sisi mwanzo. Matamshi yanasomwa kama yalivyoandikwa.

Ila mtihani wa lugha unaotakiwa kuingia masta ni wa Kiingereza. Vyuo vya Uswidi vinataka IELTS 6.5 kwa jumla na hakuna kipengele chini ya 5.5, au kinacholingana nacho. Kabla hujalipia, soma ukurasa wa Tanzania kwenye tovuti ya udahili uone kama masomo yako yanakusamehe. Cheti cha IELTS kinakaa miaka miwili, kwa hiyo usifanye mapema ukiwa mwaka wa kwanza SUA.

Barua ya maelezo ndiyo inayomtofautisha mtu wa Mafinga na waombaji wengine mia. Tatizo ni kwamba watu wanaandika "napenda mazingira tangu utotoni". Msomaji kashasoma hiyo tangu asubuhi. Wewe una jambo la kweli mlangoni kwako. Mifano:

Msindano wetu wa Sao Hill, Pinus patula, unavunwa karibu miaka 18 hadi 25. Msindano wao, Pinus sylvestris, na ule mti wao wa spruce, unakaa miaka 60 hadi 100. Kwa nini basi wakulima wetu wadogo wanaukata ukiwa na miaka minane au kumi? Ada za shule, ugonjwa, mnunuzi aliyekuja na pesa mkononi. Mti mchanga unatoa mbao nyembamba zenye moyo laini, zinapinda, bei inaanguka. Ufini zaidi ya nusu ya misitu inamilikiwa na familia, lakini wana vyama vya wamiliki vinavyopima, kushauri na kuuza kwa pamoja. Hapo umepata swali la utafiti: nini kinafanya mkulima asubiri? Ufini yenyewe ilifadhili programu ya Panda Miti Kibiashara huku kwetu kuanzia 2014, na kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao kipo hapo hapo Mafinga. Taja ulichokiona kwenye vikundi vya wakulima wa miti, kwa namba ulizopima wewe: kipenyo, urefu, bei ya mti shambani.

Kisha unganisha na chuo. Joensuu, Chuo Kikuu cha Ufini Mashariki, wana nguvu kwenye uchumi na mipango ya misitu. Umeå ndiko kitivo cha misitu cha chuo kikuu cha kilimo cha Uswidi, SLU. Norwe ni chuo kikuu kilichoko Ås, ambacho SUA imeshirikiana nacho tangu miaka ya 1970, kwa hiyo Morogoro utakuta walimu waliosoma huko. Hao ndio wa kukuandikia barua za mapendekezo. Barua moja usiitume vyuo vinne kwa kubadilisha jina tu. Wanajua.

Mzee wa Uyole
Ongeza ujuzi wa mikono, Mnyalu. Uvunaji wa Nordiki ni wa mashine: moja inakata, inapogoa na kukatakata gogo kwa vipimo papo hapo, nyingine inabeba hadi barabarani. Msumeno wa mnyororo ni wa kazi ndogo. Kijana akijua kupima msitu, kutumia GPS na kuchora ramani kwa QGIS, ambayo ni bure, ana kitu cha kuonyesha. Shahada tupu haimsukumi mtu.

Forodha_Tunduma
Na kubaki huko? Hilo hamjamjibu.

Soweto_Mbeya
Kubaki kunawezekana ila hakuji chenyewe. Ufini ukimaliza shahada unaweza kuomba kibali cha miaka miwili cha kutafuta kazi au kuanzisha biashara. Ukiwa mwanafunzi unaruhusiwa kufanya kazi kwa wastani wa saa 30 kwa wiki. Denmark ni saa 90 kwa mwezi, na muda wote Juni hadi Agosti. Lakini kuruhusiwa si kupata. Miji midogo kama Joensuu kazi za wasiojua Kifini ni usafi, kugawa magazeti usiku, jikoni. Na wanafunzi wote wa kigeni wanazigombea hizo hizo.

Uswidi mwezi Novemba 2023 walipandisha kiwango cha mshahara wa kibali cha kazi hadi asilimia 80 ya mshahara wa kati wa nchi. Kazi ya kuosha vyombo nusu siku haikufikishi hapo. Kwa hiyo fani na lugha ndivyo vinavyokubakiza.

Kamwene_Njombe
Baridi nayo msimdanganye. Watu wa Makete na Njombe tunajisifu kwa umande wa Juni, lakini Joensuu nyuzi ishirini chini ya sifuri ni kawaida ya Januari. Kinachowaumiza wengi zaidi ni giza. Helsinki wiki ya Krismasi jua halikai juu hata muda wa saa sita kwa siku, Tromsø kule kaskazini ya Norwe jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Wenyeji wanameza vitamini D, nanyi mmeze. Jaketi la mtumba la Mwanjelwa linatosha kukufikisha uwanja wa ndege. Viatu na nguo za ndani za sufu kanunue huko kwenye maduka yao ya mitumba, yapo mengi na bei ni ndogo.

Chumba uombe siku ile ile unayothibitisha nafasi. Joensuu ni Elli, Helsinki ni HOAS, yote ni mashirika ya nyumba za wanafunzi. Anayesubiri kibali kitoke ndipo aombe chumba anaishia kulala kwa watu.

Kijana_SaoHill
Swali la mwisho wakuu. Cheti cha NECTA kina majina mawili, cheti cha kuzaliwa kina matatu, na NIDA wameandika la ukoo kwa herufi tofauti. Hii itanisumbua?

Forodha_Tunduma
Itakusumbua sana, na ndiyo kazi ya kufanya kwanza kabla ya yote haya. Pasipoti inafuata NIDA na cheti cha kuzaliwa. Chuo kinafuata vyeti vya NECTA. Zikigongana, mfumo unakuona watu wawili.

Panga hivi. Kosa la herufi NIDA nenda ofisi yao ya wilaya na cheti cha kuzaliwa halisi, omba marekebisho. Cheti cha kuzaliwa kama ni cha zamani kilichoandikwa kwa mkono, kihuishe RITA upate cha mfumo mpya. NECTA usitegemee wabadilishe jina ulilosajiliwa nalo mtihani. Kwa hiyo tofauti ya majina mawili na matatu unaimaliza kwa kiapo kwa wakili kwamba wote ni wewe; kama jina lenyewe ni tofauti kabisa, ni hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati iwe ya Kiingereza, au iambatane na tafsiri, kwa sababu utaipakia kila sehemu.

Pasipoti inaombwa kwenye tovuti ya Uhamiaji: unalipa 20,000 ya fomu, kisha 130,000, jumla 150,000. Unachapa fomu unaenda Uhamiaji mkoa, kwako ni Iringa mjini, na cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha mzazi, barua ya serikali ya mtaa, na ushahidi wa sababu ya safari. Hapo kwenye sababu ya safari ndipo vijana wanarudishwa kwa kuandika "matembezi" bila karatasi. Chapa ukurasa wa programu unayoomba na uthibitisho wa maombi yako kutoka kwenye mfumo, viambatanishe.

Kama barua ya mtaa wataandika majina mawili, mwambie mtendaji aandike matatu kama yalivyo NIDA, kabla hajagonga muhuri.